Mpira wa povu wa silikoni: maswali ya mafundi wa Lubumbashi na majibu yake

Haya ni maswali ninayoulizwa karakanani, kwenye simu, na hata sokoni Kenya, mtaa wa hapahapa Lubumbashi, ninapokwenda kununua bolti. Wengi wanaouliza ni mafundi wa tanuri za mikate, wa majokofu na wa pampu za migodini. Wengine ni vijana waliochoka kusubiri mzigo upite mpaka wa Kasumbalesa, sasa wanataka kutengeneza wenyewe. Nimeanza na mambo ya msingi, yenye utata yako mwishoni. Jibu likigusa swali lingine nimeweka namba yake, usome huko.

## Mambo ya msingi

1. Mpira wa povu wa silikoni ni nini, na una tofauti gani na sponji ya godoro?

Ni silikoni iliyoumuka kama unga wa mandazi kabla ya kuiva, ikabaki na vijitundu vya gesi ndani. Silikoni nzima isiyo na povu ina gramu 1.1 hadi 1.2 kwa kila sentimita ya ujazo. Ikiumuliwa vizuri hushuka hadi kati ya 0.2 na 0.6.

Sponji ya godoro ni poliurethani. Ukizibonyeza kwa kidole unaweza kudhani ni ndugu, lakini joto linazitenganisha. Povu la silikoni hubaki laini kuanzia baridi ya nyuzi 60 chini ya sifuri hadi joto la karibu nyuzi 200. Poliurethani huharibika mapema sana kabla ya kufika huko, na ikishika moto hutoa moshi mzito wenye sumu.

2. Silikoni inatokana na mafuta ya petroli kama plastiki nyingine?

Uti wa mgongo wake hautokani na petroli. Kwatzi huyeyushwa ili kupata elementi ya silikoni (silicon kwa Kiingereza, si mpira wenyewe), kitu kigumu cha kijivu. Unga wake hukutanishwa na gesi ya kloridi ya methili kwenye joto la karibu nyuzi 300, shaba ikiwa kichocheo. Njia hiyo iligunduliwa na Eugene Rochow wa General Electric, Marekani, mwaka 1940, na Richard Müller akaifikia peke yake huko Ujerumani muda mfupi baadaye. Hadi leo viwanda vinaifuata. Vijana wanaokuja kujifunza kwangu huwa nawaeleza hili siku ya kwanza, kwa sababu wamekulia chini ya bomba kubwa la moshi la Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, na wanastahili kujua kwamba shaba iko mwanzoni mwa kila mpira wa silikoni wanaoushika.

3. Vijitundu vilivyofungwa na vilivyo wazi: nichague vipi?

Vilivyofungwa ni kama mayai yaliyopangwa, kila kimoja na ukuta wake. Maji na vumbi havipiti. Hivyo ndivyo vya gasketi ya mlango, ya kisanduku cha umeme au ya taa ya nje. Vilivyo wazi vimeungana, hewa inapita, kwa hiyo povu hubonyea kwa urahisi na hufaa mito, vichujio na kupunguza kelele. Povu nyingi zina mchanganyiko wa aina zote mbili, hata kama muuzaji ameandika moja tu. Namna ya kuhakikisha iko swali la 15.

4. Nimeuziwa bamba linaloitwa silikoni. Nitajuaje kama ni kweli?

Kata kipande kidogo kama punje ya mahindi, toka nje, simama upande unakotoka upepo, kishike kwa koleo na ukiwashe. Silikoni huwaka polepole kwa moshi mweupe na kuacha majivu meupe yanayovunjika: hiyo ni silika, ndugu wa mchanga. Mpira mweusi wa kawaida hutoa moshi mweusi na kuacha masizi. Plastiki ya bei rahisi huyeyuka na kudondoka matone. Silikoni haidondoki.

Kuna jaribio la pili, na hapa waya wa shaba haukosekani. Choma ncha ya waya mpaka moto usionyeshe rangi yoyote, iguse kwenye kipande ikiwa bado ya moto, kisha irudishe motoni. Moto ukigeuka kijani kibichi, mna klorini ndani: umeuziwa PVC au neopreni.

## Kutengeneza

5. Gesi ya povu inatoka wapi, mbona hakuna hamira?

Katika silikoni ya sehemu mbili, gesi huzaliwa ndani ya mchanganyiko wenyewe. Sehemu A huwa na silikoni zenye vikundi vya vinili na vya haidroksili, pamoja na kichocheo cha platini. Sehemu B ina silikoni yenye hidrojeni iliyoshikamana na atomu ya silikoni moja kwa moja. Zikikutana, kazi mbili huanza kwa wakati mmoja. Hidrojeni inapokutana na vinili, minyororo hufungana na mpira huiva. Inapokutana na haidroksili, minyororo hufungana pia, ila gesi ya hidrojeni hutoka, na ndiyo inayoumua.

Ukielewa kwamba kuumuka na kuiva vinakimbizana, umeelewa karibu matatizo yote ya kazi hii. Gesi ikitangulia sana, inatoroka kabla mpira haujashika, na povu linaanguka. Kuiva kukitangulia, gesi haipati nafasi ya kusukuma. Unabaki na tofali dogo zito, au lililopasuka.

6. Kuna njia nyingine zaidi ya sehemu mbili?

Zipo. Viwanda vya mabamba na mikanda hutumia silikoni nzito kama ugali mgumu, ikachanganywa kwenye rola na peroksidi ya kuivisha pamoja na kemikali ya kuumua inayovunjika kwa joto. Azodikabonamidi huvunjika karibu na nyuzi 200 na kutoa zaidi nitrojeni. Kuna njia ya chumvi pia: unachanganya chumvi safi ya punje ndogo na silikoni, unaivisha, halafu unaiosha kwa maji ya moto mpaka chumvi yote itoke. Unapata vijitundu vilivyo wazi bila gesi yoyote, na kwa mafunzo ni njia nzuri sana kwa sababu haina haraka.

Kwa karakana ndogo nashauri sehemu mbili. Haihitaji rola, na inaiva kwenye joto la kawaida hata umeme ukiwa umekatika.

7. Povu langu limebaki bichi na linanata. Sehemu B ilikuwa pungufu?

Inawezekana, lakini mara nyingi zaidi platini imepewa sumu. Kiasi cha platini ni kidogo mno, na salfa, amini, fosforasi na misombo ya bati huishika na kuizuia isifanye kazi. Salfa imo kwenye glavu za lateksi, kwenye tyubu ya tairi, kwenye udongo wa kufinyangia wa dukani. Amini imo kwenye kigumu cha gundi ya epoksi. Bati imo kwenye silikoni za aina nyingine na kwenye PVC kadhaa.

Kosa hili nimelifanya mimi mwenyewe. Nilitaka kalibu lisivuje, nikatandika kipande cha tyubu ya tairi pembeni. Katikati paliiva safi, lakini pale palipogusa tyubu pakabaki utelezi kama asali, na bamba lote nikalitupa. Tangu siku hiyo vyombo vya platini vina rafu yao, vijiko vyao na glavu zao za vinili. Ukiwa na shaka na kalibu jipya, mimina kijiko kimoja tu kwanza uone kama kitaiva.

Kama unatumia silikoni ya peroksidi na ni uso tu unaonata, tatizo ni lingine: hewa. Baadhi ya peroksidi, kama ya dikumili, huzuiwa na oksijeni na zinahitaji kalibu lililofungwa.

8. Mbona povu limeumuka vizuri kisha likaanguka, au limejaa mashimo makubwa?

Angalia kwanza ulivyochanganya. Sehemu A na B zipimwe kwa mizani, si kwa jicho, kwa uwiano ulioandikwa kwenye chombo, na kila sehemu ikorogwe peke yake kabla ya kukutana kwa sababu vijazo hutuama chini. Baada ya hapo una dakika chache tu: koroga haraka ukikwangua kuta na kitako, kisha mimina mara moja. Mafundi wengi wanaendelea kukoroga povu likiwa limeshaanza kuinuka, na hapo kila mzunguko wa kijiko unapasua viputo na kuviunganisha.

La pili ni majira. Mwezi wa 6 na wa 7, asubuhi za Lubumbashi ni baridi kweli, na mchanganyiko huiva polepole kiasi kwamba viputo vinakutana, vinakua na kutoroka. Mwezi wa 10 ni kinyume: unageuka kuchukua kalibu na tayari ndoo imeshika. Mimi huweka vyombo vyote viwili na kalibu kwenye chumba kimoja usiku kucha, na huandika joto la chumba kwenye daftari kando ya kila mchanganyiko. Bila daftari hilo utakuwa unalaumu muuzaji kila msimu.

9. Karatasi ya maelezo inasema povu litakuwa na gramu 0.25 kwa sentimita ya ujazo, mimi napata 0.22. Nimeibiwa?

Hujaibiwa. Uko juu mlimani bila kujua. Usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa ni takriban kilopaskali 101. Lubumbashi, mita zaidi ya 1,200 juu ya bahari, ni karibu 88. Goma na Bukavu, kwenye mita 1,500 hivi, ni karibu 85. Gesi ileile huku kwetu inatanuka kwa asilimia 15 zaidi, na huko Kivu karibu asilimia 19.

Fanya hesabu. Kilo moja yenye 0.25 inajaza lita 4, na karibu lita 3.1 kati ya hizo ni gesi. Iongezee gesi asilimia 15: jumla inakuwa karibu lita 4.5, na uzito kwa sentimita ya ujazo unashuka hadi 0.22. Si tofauti ndogo, kwa sababu ulaini wa povu hufuata takriban mraba wa uzito huo. Povu jepesi kwa asilimia 10 huwa laini zaidi kwa asilimia 20 hivi, na gasketi iliyopaswa kuziba itaacha hewa ipite.

Usijaribu kurekebisha kwa kupunguza sehemu B, maana ndiyo inayoivisha pia. Tumia kalibu lenye mfuniko wa bolti na vitundu vidogo vya kupumulia. Kalibu likiwa la lita 2 na unataka 0.25, mimina gramu 500. Povu litajaa hadi ukutani na kusimama hapo, na uzito utakuwa ule uliouchagua wewe.

Kwa sababu hiyohiyo, pampu ya kuondoa hewa ikionyesha bar 0.88 chini ya sifuri hapa Lubumbashi na ikakataa kwenda zaidi, si mbovu. Imeshamaliza hewa iliyopo.

10. Naweza kutumia silikoni ya tyubu ya dukani na bikaboneti ya soda?

Ile inayonuka siki hutoa asidi ya asetiki inapoiva, na asidi hiyo ikikutana na bikaboneti hutoa kaboni dioksidi, kwa hiyo vijitundu vitapatikana. Lakini silikoni hiyo huiva kwa unyevu wa hewa, kutoka nje kuingia ndani, na kipande kinene kinabaki kibichi katikati kwa siku nyingi. Chumvi inayobaki ndani huvuta maji, na asidi hula chuma na shaba iliyo karibu. Kwa kumwonyesha mwanafunzi, sawa. Kwa kumuuzia mtu, nakuomba usifanye.

11. Kuna hatari gani wakati wa kutengeneza?

Kubwa ni hidrojeni. Huwaka ikiwa kati ya asilimia 4 na 75 ya hewa, haina harufu, haina rangi, na cheche ndogo inaitosha. Rudi kwenye hesabu ya swali la 9: kilo moja ya povu hubeba lita 3 hivi. Silikoni hupitisha gesi kirahisi, kwa hiyo zote zitatoka nje taratibu. Zikikusanyika ndani ya tanuri ndogo ya lita 75 iliyofungwa, umeshafika asilimia 4. Fanyia kazi penye madirisha mawili yaliyo wazi, mbabula (jiko la makaa) iwe mbali, wala usiingize povu bichi kwenye tanuri isiyo na tundu la kupumulia.

Jambo ambalo wengi hawalijui: sehemu B ikimwagika, usiifunike kwa majivu. Majivu ya makaa yana alikali, na alikali huitoa hidrojeni kwa kasi kutoka kwenye sehemu B. Tumia mchanga mkavu. Na usirudishe kamwe mabaki ya sehemu B kwenye chombo chake ukakaza mfuniko. Uchafu kidogo unaweza kukivimbisha mpaka kipasuke.

12. Lazima nioke mara ya pili?

Kwa kazi ya joto kali au ya chakula, ndiyo. Kipimo cha kawaida ni saa 4 kwenye nyuzi 200, hewa ikipita. Hapo hutoka silikoni fupi ambazo hazikufungwa na mabaki ya peroksidi. Panda kwa hatua, hasa kwa vipande vinene, na umeshasoma swali la 11 kuhusu tundu la tanuri.

## Kupima

13. Nina mizani na kalipa tu. Nianze wapi?

Una vya kutosha kuanza. Kata kipande cha pembe mraba kisicho na ngozi ya nje, kipime pande zote tatu, kipime uzito, gawanya. Kiwango cha kimataifa cha ISO 845 kinataka vipande vyenye jumla ya angalau sentimita za ujazo 100. Usikibane kipande kwa meno ya kalipa: povu linakubali kubonyezwa, na utajidanganya kwa milimita nzima. Weka kipande cha kioo juu yake, pima vyote kwa pamoja, kisha toa unene wa kioo.

Kata vipande kutoka juu, katikati na chini ya bamba. Chini pakiwa pazito kuliko juu, ulichelewa kumimina.

14. Ulaini nipime vipi bila mashine?

Kwa mawe ya mizani. Kata kipande cha milimita 50 kwa 50, weka bamba la chuma juu, ongeza uzito mpaka unene upungue kwa robo, subiri dakika moja, kisha soma. Kilo 10 juu ya eneo hilo ni karibu kilopaskali 39. Kiwango cha Marekani cha ASTM D1056 hupanga daraja za povu za mpira kwa kubonyeza robo hiyohiyo, kwa hiyo unaweza kulinganisha na karatasi ya muuzaji. Karatasi za Ulaya mara nyingi hufuata ISO 3386, ambayo husoma kwenye asilimia 40 baada ya kubonyeza mara kadhaa. Namba hizo mbili usizilinganishe. Kipimo cha Shore A kinafaa mpira mzima, si povu. Povu hupimwa kwa Shore OO.

15. Nitajuaje kama vijitundu vimefungwa kweli?

Watu hutumbukiza kipande kwenye ndoo ya maji, wanakipima baada ya saa moja, wanasema hakijanywa kitu. Jaribio hilo linadanganya, kwa sababu silikoni huchukia maji, na hata vijitundu vilivyo wazi havitanyonya bila kulazimishwa. Kibonyeze chini ya maji mara kumi hadi kipungue nusu, kiachie kikiwa bado majini, kitoe, kifute, kipime. Ukiwa na chungu cha kuondoa hewa, toa hewa kipande kikiwa chini ya maji kisha iruhusu irudi. Uzito ukiongezeka sana, vijitundu viko wazi.

16. Mbonyeo wa kudumu ni nini, na kwa nini unaung'ang'ania hivyo?

Kwa sababu gasketi haifi kwa kukatika, inakufa kwa kusahau kurudi. Siku ya kwanza mlango unaziba, baada ya miezi kadhaa mpira umebaki bapa, joto linavuja, na mwenye tanuri anachoma kuni zaidi bila kujua sababu.

Chukua vipande vya milimita 50 kwa 50 vyenye unene wa 25. Bamba likiwa jembamba, panga tabaka. Pima unene, bana kati ya mabamba mawili ya chuma mpaka ubaki nusu, ukitumia vizuizi vya urefu kamili pembeni, funga bolti. Weka kwenye nyuzi 70 kwa saa 22, fungua, acha dakika 30, pima tena. Huo ndio mwendo wa ISO 1856. Kwa kazi ya tanuri mimi narudia kwenye joto halisi la kazi, maana nyuzi 70 kwa silikoni ni kama kivuli cha mwembe.

Angalia hesabu iliyotumika. Kipande cha 10 kilichobanwa hadi 5 kikirudi 9.2, ISO 1856 hugawanya kwa unene wa mwanzo: asilimia 8. Viwango vingine hugawanya kwa kiasi kilichobanwa: asilimia 16. Ni mpira uleule. Muuzaji akikutajia namba bila kusema hesabu, muulize.

17. Umeme ukikatika katikati ya saa 22?

Anza upya kwa vipande vipya. Najua inauma, hasa ukiwa saa ya 20. Lakini kipande kilichopoa kikiwa kimebanwa si sawa na kilichokaa kwenye joto moja, na vilivyokwisha kubanwa havitumiki tena. Sanduku lenye kuta nene za sufu ya mwamba litakuvusha ukatikaji mfupi. Weka kipimajoto kinachokumbuka kiwango cha chini, uone ulishuka hadi wapi.

## Kesi zenye utata

18. Mteja wa mgodini anataka gasketi ya tangi la asidi. Nimuuzie?

Usimuuzie. Shaba ya huku huchenjuliwa kwa asidi ya salfuriki, na ile kali huvunja minyororo ya silikoni mpaka ibaki tope. Kwenye mitambo ya kutenganisha shaba kwa viyeyusho kuna mafuta ya jamii ya taa, na hayo huivimbisha silikoni. Mvuke wa mgandamizo mkubwa nao huila. Kwa asidi iliyopunguzwa mwelekeze kwenye EPDM, aina nyingine ya mpira. Penye mafuta au asidi kali, kwenye mpira wa fluoro, baada ya kuangalia jedwali la kemikali la mtengenezaji. Utapoteza mauzo ya siku moja, lakini kuna mtu anayesimama chini ya tangi lile.

19. Kwa tanuri ya mkate, povu likigusa chakula?

Mlangoni haligusi mkate, lakini mvuke wake unaufikia, kwa hiyo oka mara ya pili kama ilivyo swali la 12. Mapendekezo ya Ujerumani kwa silikoni ya chakula yanataka kinachopotea kwenye saa 4 za nyuzi 200 kisizidi asilimia 0.5 ya uzito. Hilo unaweza kulipima mwenyewe: pima kabla, pima baada. Na usitumie bamba la kiwanda lililoumuliwa kwa kemikali usiyoijua, kwani baadhi huacha mabaki yenye sumu.

20. Na kwa mto wa mguu wa bandia?

Swali hili hunijia zaidi kutoka Goma na Bukavu. Silikoni iliyoiva kabisa ni rafiki wa ngozi, lakini vijitundu vilivyo wazi hushika jasho na vijidudu, na makali ya kipande kilichokatwa vibaya hutengeneza kidonda. Upande wa ngozi uwe na ngozi laini ya mpira wenyewe, na unene aupange fundi wa viungo aliyemwona mgonjwa. Mimi humkatia fundi huyo vipande na kumpa namba za swali la 14 na la 16. Kwa mgonjwa siuzi moja kwa moja.

21. Mabaki naweza kuyayeyusha?

Hayayeyuki. Minyororo ikishafungana haifunguki kwa joto. Yasage kwa kisu, uyatumie kujazia mito au kuchanganya kidogo kwenye mchanganyiko mpya wa kazi isiyo na uzito, mradi hayajawahi kulala karibu na mpira wa salfa.

22. Mteja anataka cheti cha kutoshika moto. Jaribio la swali la 4 linatosha?

Halitoshi, na usiandike popote kwamba linatosha. Cheti cha UL 94, kiwango cha Marekani cha kupima jinsi plastiki inavyoshika moto, hutolewa na maabara iliyoidhinishwa, kwa unene na uzito maalumu. Povu zina daraja lao, kama HF-1, tofauti na V-0 ya plastiki nzima. Ukibadilisha uzito wa povu, cheti cha mwanzo hakikuhusu tena. Unachoweza kumpa ni karatasi yako: tarehe, joto la chumba, uwiano, uzito kwa sentimita ya ujazo, ulaini, mbonyeo wa kudumu na hesabu uliyotumia. Kabatini bakiza kipande cha bamba hilohilo chenye tarehe ileile, ili akirudi na lalamiko mpime pamoja.